Nafasi ya Binti Yangu Ilikuwa Imeshakaliwa: Kwa Wazazi Wenye Watoto Wanaotafutwa na Vyuo vya Marekani kwa Riadha

Kocha alipiga simu Novemba 2020, siku chache kabla ya wiki ambayo watoto walikuwa wakitia saini kujiunga na timu za vyuo. Nilikuwa ndio kwanza nimerudi kutoka zamu ya usiku hospitalini, chai bado iko jikoni inachemka. Binti yangu aliiweka simu mezani, akaongeza sauti ili nami nisikie. Viatu vyake vya njumu vilikuwa vimening'inia begani, kamba mbili zimefungwa pamoja, maana alikuwa anatoka kwenda mazoezi. Kocha aliongea kwa upole. Alisema anampenda mtoto, familia yetu anaipenda, ila wasichana watatu wa mita 800 waliokuwa wamalize chuo wameamua kubaki mwaka mmoja zaidi. Hana tena nafasi. Binti yangu akamjibu, "Asante kwa kuniambia," akakata simu, akaenda mazoezini. Mimi ndiye niliyebaki pale nikilia, na chai ikafurika jikoni.

Tumeishi viungani mwa Dallas miaka mingi, na watu wa nyumbani wananipigia sana kuniuliza habari za watoto wao wanaokimbia. Wengine wako Kapsabet na Iten, wengine ni Wakenya na Watanzania wa hapa hapa Texas, watoto wao wanasoma shule za upili za Marekani. Wote wanaanza na swali lile lile: mtoto akimbie muda gani ili achukuliwe? Muda una maana. Lakini nilichojifunza kwa machozi ni kwamba kuna swali linalotangulia: katika timu ile, nani anaondoka, nani anabaki, na nani anahamia? Mtoto anaweza kukimbia vizuri kabisa akakuta kiti kimeshakaliwa na mtu mzima wa miaka 23.

Nieleze jinsi tulivyofika hapo. Makocha wa vyuo vya daraja la kwanza (Division I, kundi la juu kabisa la michezo ya vyuo) hawaruhusiwi kumtafuta mtoto mpaka tarehe 15 Juni, baada ya mwaka wake wa pili wa shule ya upili. Kwa binti yangu ilikuwa 2019. Asubuhi ile simu ililia mpaka tukaizima wakati wa chakula. Katika mita 800 alikuwa na dakika 2 na sekunde 15, na bado miaka miwili mbele yake. Tukaona mambo yameiva. Machi 2020 korona ikafunga kila kitu. Texas ikafuta msimu wa riadha wa shule, kwa hiyo mwaka ambao makocha wanauangalia kuliko yote, binti yangu hana hata mbio moja. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ikapiga marufuku makocha kukutana na watoto ana kwa ana tangu Machi 2020 hadi mwisho wa Mei 2021. Na kabla mwezi ule wa Machi haujaisha, ikaamua kwamba wanamichezo wa vyuo waliopoteza msimu waongezwe mwaka. Baadaye mwaka huo huo michezo mingine nayo ikaongezwa.

Siwezi kusema uamuzi ule ulikuwa mbaya. Wale vijana walinyang'anywa msimu bila kosa, na haki yao ilikuwa warudishiwe. Ila fedha za ufadhili hazikuongezeka kwa kiasi hicho, na uwanja haukupata njia za ziada. Waliokaa walikaa, na mlango ukafungwa kwa waliokuwa nyuma yao. Waliomaliza shule ya upili 2021 waliumia zaidi ya wote: waliokuwa mbele yao walipewa mwaka wa ziada, wao walipoingia chuoni hawakupewa.

Mwaka huo huo wa 2021 jambo la pili likaingia. Tangu Oktoba 2018 NCAA ilikuwa imefungua mfumo wa uhamisho ambao wenyewe wanauita potali. Mtoto akitaka kuhama chuo, jina lake linaingizwa humo, na makocha wa vyuo vingine wanaliona na kuweza kumtafuta. Anayefuata mpira wa nyumbani achukulie kama dirisha la usajili, tofauti ni kwamba mchezaji mwenyewe ndiye anayejiweka sokoni. Zamani michezo mingine, mpira wa kikapu na ule wa Kimarekani, ilimlazimisha anayehama kukaa mwaka mzima bila kucheza. Aprili 2021 wakaruhusu kila mtu ahame mara moja bila adhabu hiyo. Aprili 2024, baada ya mahakama kuingilia kati, wakaruhusu kuhama mara nyingi kadiri mtu anavyotaka, mradi masomo yake yako sawa.

Jiweke kwenye kiti cha kocha. Ana nafasi moja ya mita 800. Mbele yake kuna msichana wa miaka 17 mwenye dakika 2 na sekunde 13, atakayehitaji miaka miwili kuzoea mazoezi, baridi na kuwa mbali na mama yake. Pembeni yuko msichana wa miaka 21 mwenye dakika 2 na sekunde 6, ameshazoea, atampa pointi mwezi Machi. Kocha huyo ana mkataba wa kazi na watoto wa kulisha. Nilipolielewa hilo niliacha kumchukia yule aliyepiga simu.

Tangu 2025 mlango umebana zaidi. Tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi inayoitwa House. Watu wengi walisikia habari ya vyuo kuruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, wakashangilia. Mzazi wa mkimbiaji anapaswa kusikia sehemu nyingine. Vyuo vilivyojiunga na makubaliano hayo vimeondolewa kikomo cha idadi ya ufadhili (riadha na mbio za nyika za wanawake zilikuwa na 18, wanaume 12.6 wakigawana vipande vipande), badala yake vikawekewa kikomo cha idadi ya watu katika timu: 45 katika riadha, 17 katika mbio za nyika. Zamani kocha angeweza kumwambia mtoto, "Njoo bila ufadhili, ukikimbia vizuri tutaona." Wakenya wengi wa hapa walipita njia hiyo. Sasa hata anayejilipia ada anakula nafasi moja kati ya zile 45, na kocha anahesabu kila kichwa.

Kwa hiyo kocha akimpigia mtoto wako, mwache amalize sifa zake zote, kisha mtoto mwenyewe aulize (si wewe mzazi, wanapenda kusikia mtoto akiongea): Je, chuo chenu kiko ndani ya yale makubaliano ya House? Katika mbio zangu mko wangapi, na mwakani watabaki wangapi? Mwaka jana mlichukua wangapi kutoka shule za upili na wangapi kwa uhamisho? Ufadhili mnaoniahidi ni wa mwaka mmoja au mpaka nimalize, na utaandikwa lini? Swali la tatu linaweza kujibiwa bila kocha. Fungua tovuti ya timu, soma orodha ya wakimbiaji, kila jina limeandikwa mwaka wake wa masomo na chuo alichotoka. Mimi nilikaa na daftari usiku mmoja kazini, wagonjwa wamelala, nikapitia timu 14. Kuna timu moja niliyokuta wakimbiaji wote wa mbio za kati ni wa kuhamia, hakuna hata mmoja aliyeingia akitoka shule ya upili. Na kocha wake alikuwa anatuandikia kila wiki.

Ahadi ya mdomo isikulaze usingizi. Hata ile barua ya ahadi ya kitaifa ambayo watoto walikuwa wakiitia saini mbele ya kamera ilifutwa Oktoba 2024. Kinachobaki ni mkataba wa ufadhili wa chuo chenyewe. Usome wote, sentensi kwa sentensi, na ikibidi mtafute mtu wa kukusomea.

Binti yangu alikwenda chuo kidogo cha daraja la pili, saa sita kwa gari kutoka nyumbani. Baba yake hakupendezwa, aliona kama tumeshuka. Lakini pale alikimbia tangu wiki ya kwanza. Kocha alimjua hadi jina la bibi yake. Mwaka wa pili alishuka hadi dakika 2 na sekunde 8, na mwaka 2023 yeye mwenyewe akaingia kwenye ule mfumo wa uhamisho. Vyuo vilevile vilivyokuwa vimenyamaza vikaanza kupiga simu.

Hapa ndipo ninapotaka mzazi anisikilize sana, kwa sababu tulikaribia kuanguka. Binti yangu alikuwa na krediti 62, yaani vipimo vya masomo aliyokwisha kumaliza. Chuo kipya kilipozipitia, kikakubali 49, nyingine kikasema haziingii katika shahada yake. Kanuni ya daraja la kwanza ni kwamba ukiingia mwaka wa tatu uwe umemaliza asilimia 40 ya shahada, wa nne asilimia 60, wa tano asilimia 80. Shahada yake ilikuwa krediti 120, kwa hiyo alihitaji 48. Alivuka kwa krediti moja. Ingepungua somo moja tu la Kihispania, angekaa mwaka mzima akitazama wenzake wakikimbia. Na wakati huo chuo cha zamani kilikuwa na ruhusa ya kumkatia ufadhili muhula ukiisha, kwa kuwa jina lake lilishaingia kwenye uhamisho. Kuna watoto wanaoingia humo wasiitwe na mtu, na pa kurudi hakuna. Kabla mtoto hajaandika jina lake, omba chuo anachokitaka kikadirie krediti zake kwa maandishi. Wakikataa, mwambie asubiri.

Siku ya mashindano yake ya kwanza na timu mpya nilikaa jukwaani karibu na mama mmoja Mmarekani. Alinieleza kwamba mtoto wake alikuwa amekubaliana na timu ile tangu mwaka wa tatu wa shule ya upili, kisha kocha akamwambia hana nafasi ya mita 800. Hakujua mimi ni mama wa nani. Nilimshika mkono, nikamwambia ukweli, nikamwambia pia ya Novemba 2020. Tukakaa pamoja mpaka mbio zikaisha. Bado tunaandikiana.

Sasa wa nyumbani. Mtoto wa kaka yangu alimaliza kidato cha nne Novemba 2024, mbio zake ni mita 5,000. Kaka anaamini njia bado ni ile ya Henry Rono, Mnandi mwenzetu aliyetoka kwetu hadi Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington na mwaka 1978 akavunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Wakenya bado wanachukuliwa, tena sana, na wao pia wanahama: Hilda Olemomoi alitoka Alabama akaenda Florida. Kocha anayetaka mtu mzima aliyekomaa huwaangalia pia vijana wetu. Lakini saa inamhesabia kijana akiwa bado nyumbani. Kanuni tuliyoikuta ni kwamba baada ya kumaliza sekondari ana mwaka mmoja. Ukipita, akiendelea kushindana kwenye mbio rasmi bila kujiunga na chuo, kila mwaka unamla msimu mmoja kati ya minne. Kijana anayekaa kambini Iten miaka mitatu akingoja muda mzuri anaweza kufika Marekani amebakiwa na misimu miwili tu, na hakuna kocha atakayemlipia miaka minne kwa hilo. Aandike kila mbio aliyokimbia, tarehe, na kila shilingi ya zawadi, maana ofisi ya NCAA inayokagua sifa itauliza.

Kaka alikuwa amepata mtu mjini anayetaka alipwe kabla "amuunganishe" kijana. Nilimkatalia. Barua pepe ya kocha iko wazi kwenye tovuti ya timu, na kujiandikisha kwenye ofisi ile ya NCAA kijana anaweza kufanya mwenyewe. Nilimshauri pia asidharau vyuo vya miaka miwili. South Plains, kule Levelland hapa Texas, kimelea wakimbiaji wengi wa Kenya kabla hawajaenda vyuo vikubwa. Mtoto anazoea lugha ya darasani, anakula vizuri, anapata muda wa kwenye uwanja wenye saa za umeme ambao kocha yeyote anauamini, kisha anahama akiwa na alama na jina. Ila ajue kwamba ule muda wa miaka mitano wa daraja la kwanza huanza kuhesabiwa siku anapoanza masomo kamili chuo chochote kile, hata hicho kidogo. Na kwa viza ya mwanafunzi asikubali pesa za matangazo zinazozungumzwa siku hizi kabla ya kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Mwenzake Mmarekani anaweza kuzipokea salama, yeye zikamharibia viza.

Juzi usiku alinitumia ujumbe: "Shangazi, kocha amejibu." Alikuwa ameuliza maswali yote manne, kwa Kiingereza chake mwenyewe. Kocha wa kwanza alisema wakimbiaji sita wa mbio ndefu wanabaki na wawili wanahamia, hivyo mwakani hana nafasi, akamshukuru kwa kuuliza. Wa pili, wa chuo cha miaka miwili, alisema watatu wanaondoka Mei, akaomba matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne wa Kenya, na video ya mbio. Leo mchana kijana amekwenda Eldoret kutafuta uwanja wenye mistari inayoonekana vizuri, ili mtu amrekodi.