Jibu: Anashinda mpira mrefu, anapoteza seti

Habari za Tabora, kocha. Tatizo lako nimelielewa hivi: kijana wako wa mpira wa meza akivutana mapigo mengi anashinda, ila seti zinamponyoka 11–8, 11–9, na daftari lako la makosa halionyeshi kwa nini.

Daftari hilo linahesabu makosa bila kusema yalitokea pigo la ngapi. Rudia video, kila pointi andika pigo la mwisho la kijana wako, ukihesabu mapigo ya wote wawili, la kuanzisha likiwa la 1. Akianzisha yeye, la 1 au la 3 ni fungu la kuanzisha. Akipokea, la 2 au la 4 ni la kupokea. Kuanzia la 5, mpira mrefu, yaani kuvutana mapigo mengi. Asipougusa kabisa mpira wa kuanzishiwa, weka kwenye kupokea. Kisha gawa alizoshinda kwa jumla ya kila fungu.

Mimi ningeshuku kupokea kwanza. Angalia urefu: mpira aliorudisha ungedunda mara mbili upande wa mpinzani, au unatoka nje ya meza ukiwa umedunda mara moja? Huo wa pili ndio unaopigwa kwa nguvu pigo la tatu.

Kamera iwe nyuma yake, juu ya kichwa. Ya pembeni haionyeshi vizuri kama mpira umedondokea kulia au kushoto. Na usihukumu kwa mechi moja, kusanya nne au tano, akiwemo mpinzani wa mkono wa kushoto.