Chicago chini ya saa nne: usikabidhi roho yako kwa saa ya mkononi

Mkuu, futa huo mpango. Leo, kabla hujalala.

Umeandika kwamba umepata namba ya Chicago Marathon, unataka kumaliza chini ya saa 4, umeshaiseti saa ya GPS kwenye 5:41 (dakika 5 na sekunde 41) kwa kilomita ikupigie kelele ukizidi au ukipungua, halafu ukamalizia na "njia ni tambarare, saa itanibeba". Viatu, hoteli, baridi ya asubuhi, hayo tutafika. Hilo la saa ndilo lililonifanya nihangaike kutafuta nywila ya akaunti ya jukwaa hili niliyokuwa nimeshaitelekeza.

Haitakubeba. Itakubwaga, na itaanza kukubwaga kabla hujatoka jasho.

Mimi nilizikimbia kwa mpango huo huo wako. Mbio zinaanzia Grant Park, kwenye Columbus Drive. Hata hujapata nafasi ya kunyoosha mikono, unaingia chini ya barabara za juu, handaki kabisa. Setilaiti zinapotea. Saa yangu ikasema natembea 7:50 kwa kilomita. Nikaamini watu wote wananipita, kumbe mimi ndiye nawapita wao, nikakanyaga mafuta. Tukatoka, tukavuka daraja la Mto Chicago (vyuma vya daraja wamevitandikia zulia, waandaaji wale hawasahau kitu), tukazama katikati ya maghorofa, saa ikarukia 2:50. Dakika mbili na sekunde hamsini! Huo ni karibu mwendo wa marehemu Kelvin Kiptum, aliyeweka rekodi ya dunia ya 2:00:35 kwenye mbio hizo hizo mwaka 2023. Yaani mimi na kitambi changu tuko bega kwa bega na Kiptum. Mtu mwenye akili angecheka akaifunika saa kwa mkono wa fulana. Mimi nikapunguza mwendo.

Kinachotokea ni hiki. Kwenye mitaa ya maghorofa marefu, ishara ya setilaiti haikufikii moja kwa moja, inagonga kuta kwanza ndipo ije kwako. Saa inadhani umerukia mtaa wa pili, sekunde chache baadaye umerudi, halafu umepita katikati ya benki ya watu. Inachora zigizaga, na kila zigizaga inahesabiwa kuwa ni umbali umekimbia. Kwenye lundo letu saa zilikuwa zinalia mfululizo, kila moja na kilomita yake, hakuna mbili zilizokubaliana. Kengele za hatari zilikuwa zinalia kihalisi na bado sikusikia.

Halafu njia inaelekea kaskazini, Lincoln Park, maghorofa yanapungua na saa inatulia. Hapo ndipo penye mtego wenyewe. 5:41. 5:40. 5:41. Raha tupu. Nikawa najipongeza, nawapungia watoto mkono. Ila zile mita za uongo ilizonipa mjini haikuzirudisha, zilibaki kwenye jumla. Tukarudi tena kwenye maghorofa, ikaniongezea nyingine.

Nikafika kwenye bango la nusu marathoni. Saa yangu inasema kilomita 21.9. Bango ni 21.1. Muda wangu 2:04 na sekunde zake. Mkuu, nililikasirikia lile bango. Nilisema moyoni hawa Wamarekani na maili zao wamekosea vipimo. Mbio zinakimbiwa tangu 1977, njia imepimwa na watu wenye vyeti, lakini aliyekosea lazima awe bango, mimi na kifaa changu tuko sawa.

Nani alinifikisha hapo? Kocha wa mtandaoni. Nilimlipa. Maneno yake ninayo mpaka leo kwenye simu: "Saa haidanganyi, mabango ni ya watazamaji." Nilipomuuliza baada ya mbio, akanijibu kwamba nilikosa utulivu wa akili. Utulivu wa akili! Baadaye ikajulikana kwamba huyu bwana hajawahi kukimbia kwenye mtaa wenye jengo refu kuliko mnazi. Bado anauza programu, na kuna watu humu wanamsifia, sitawataja, wanajijua.

Sasa hesabu, kwa sababu najua utaniambia tofauti ni ndogo. Saa 4 kwa kilomita 42.195 ni 5:41 kweli. Lakini ukishika 5:41 ya saa, na saa inakuonyesha 43.1 unapovuka mstari, umemaliza kwa 4:04:57. Umefuata mpango bila kosa hata moja na umeukosa muda wako kwa dakika tano. Na usidhani ni maghorofa tu. Hata saa ikiwa timamu, wewe mwenyewe utakimbia zaidi ya 42.195, kwa sababu njia hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 kutoka ukingo wa kona, na wewe utakuwa unapita nje ya kona ukikwepa watu na kufuata vikombe vya maji. Mtu akifikisha 42.6 si ajabu kabisa. Kwa umbali huo, 5:41 yako ni 4:02:06.

Mdau wa jibu la tatu hapo juu anasema ununue saa ya masafa mawili, yaani inayopokea ishara za setilaiti kwa masafa mawili ya redio. Inasaidia kwenye maghorofa, sikatai. Chini ya handaki itaona nini? Na kona itakukatia yenyewe?

Narudi kwenye nusu yangu. Niko nyuma kwa dakika nne na nusu. Ili kuipata saa 4 ilibidi nusu ya pili niikimbie 5:29 kwa kilomita. Mtu mzima angesema leo basi, nimalize vizuri. Mimi nikaweka 5:15, eti nizirudishe zote upesi nipumzike baadaye. Baadaye ipi, sijui. Na hapa tambarare ndiyo inakuumbua. Kwenye vilima, mlima unakupunguza mwendo kwa lazima, na mteremko unahamishia kazi kwenye misuli mingine. Tambarare haina breki. Misuli ile ile, hatua ile ile, kuanzia risasi mpaka mwisho, na hakuna kitu nje ya kichwa chako kinachokwambia punguza. Nilifika mtaa wa Pilsen nikiwa bado najiona shujaa, muziki umepamba moto, watu wanapiga kelele. Chinatown paja la kulia likakamata. Si kubana, kukamata, vidole vya mguu vikajikunja ndani ya kiatu na nikasimama nimeshika nguzo ya taa. Mama mmoja akanipa kipande cha chungwa na kuniambia naonekana vizuri. Muongo, ila nilimshukuru.

Baada ya hapo ni Michigan Avenue, imenyooka, unaona mbele vichwa tu mpaka macho yanachoka. Nilitembea, nikakimbia, nikatembea. Kabla ya mwisho kuna kipande cha Roosevelt Road kinachopanda kidogo, wenyeji wanakiita Mlima Roosevelt kwa utani. Mimi sikuona utani. Nilimaliza nne na nusu imepita.

Na huyo huyo Kiptum niliyekuwa "naye" pale mwanzoni: nusu yake ya kwanza ilikuwa 60:48, ya pili 59:47. Hakurudisha kitu kwa pupa. Alikuwa na subira nusu nzima.

Basi fanya hivi, na usinibishie. Ingia kwenye mipangilio, zima lapu ya kujiendesha (saa kujihesabia yenyewe kila kilomita). Zima kengele ya 5:41. Ondoa mwendo wa sasa kwenye skrini, usiuone kabisa. Bakisha vitu viwili: muda wa jumla na muda wa lapu. Unapopita bango, bonyeza lapu mwenyewe kwa kidole chako. Waandaaji wamekuwekea bango kila maili na kila kilomita 5, makubwa, huwezi kuyakosa hata ukiwa unalia. Ndiyo maana watu wanasifia mpangilio wa mbio zile, halafu mtu anakuja na saa yake ya mkononi kuishindanisha na kazi ya watu waliopima barabara.

Kila maili ni 9:09. Zoea namba hiyo kwenye mazoezi, kwa sababu ubongo wako uko kwenye kilomita, na katikati ya mbio hutaweza kugawanya. Za kilomita andika mkononi kwa kalamu ya wino usiofutika: 5 ni 28:26, 10 ni 56:53, 15 ni 1:25:19, 20 ni 1:53:45, nusu 2:00, 25 ni 2:22:12, 30 ni 2:50:38, 35 ni 3:19:04, 40 ni 3:47:31. Ukifika 10 umechelewa sekunde ishirini, acha. Zitarudi kidogo kidogo au hazitarudi, lakini usizifukuze.

Na tafadhali, zile saa kubwa za barabarani zinahesabu tangu risasi ya kwanza. Wewe utakuwa kwenye wimbi la nyuma, kundi linaloanza baadaye, na chipu yako ya kupima muda inaanza unapovuka mkeka wa mstari wa kuanzia. Kuna mtu alikuwa pembeni yangu analia kwamba ameshachelewa dakika arobaini kwenye maili ya tatu. Washa saa yako juu ya mkeka, si unapoanza kusogea kwenye foleni.

Ile maili ya kwanza, mpaka utakapoona bango lake, kimbia kwa pumzi. Kama huwezi kuongea sentensi nzima na jirani, unaenda mbio mno, hata saa ikikuapia kwamba umesimama. Kuna pia wakimbiaji wanaoongoza mwendo, wale wanaobeba kibango cha saa 4. Kaa nyuma yao kidogo, wao wanajua mchezo huu wa handaki.

Haya, ulichouliza. Baridi: vaa sweta kuukuu, ulitupe pale kwenye kuanzia, wengi hufanya hivyo. Hoteli: yoyote unayoweza kutoka kwa miguu mpaka Grant Park. Jeli za kula njiani sikumbuki kama ni wewe uliyeuliza au ni yule wa uzi mwingine. Viatu nitarudi kesho, ila kwanza nijibu hapa chini: umeshazima hiyo lapu au bado?