Magnetroni ni nyepesi, mbona maikrowevu nzito?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nimefungua maikrowevu iliyokufa ya wati 800. Magnetroni yake, kile kidude kinachotengeneza mawimbi ya kupasha chakula, inaenea viganjani, ila transfoma peke yake inanichosha mkono. Nina mteja anayetumia sola na anataka kitu kidogo, chepesi. Je, naweza kuipunguza magnetroni, au niitoe kabisa niweke transista?

JIBU: Marahaba, fundi. Mkono wako haukudanganya, uzito uko kwenye transfoma. Lakini nianze na magnetroni, maana ndiyo unayotaka kuipunguza, na ndiyo isiyokubali.

Ndani yake ni ombwe tupu, hakuna hewa. Katikati kuna kathodi, uzi wa tungsteni unaopashwa kwa volti 3 na ushei, ampea 10 hivi, mpaka utoe elektroni, chembe ndogo za umeme. Pembeni kuna anodi ya shaba. Volti kama 4,000 huzivuta elektroni kuelekea kwenye shaba, lakini zile sumaku mbili za duara ulizoziona juu na chini huzipinda njia, zikawa zinazunguka kathodi badala ya kwenda moja kwa moja. Anodi imegawanywa vyumba, mara nyingi 10. Umewahi kupuliza mdomo wa chupa tupu ikalia? Basi elektroni zikipita milangoni mwa vyumba hivyo huviliza vivyo hivyo, kwa masafa ya gigahezi 2.45, yaani mitikisiko bilioni 2.45 kwa sekunde.

Sasa, chupa ndogo hulia sauti nyembamba. Ukivifanya vyumba kuwa vidogo, masafa yanapanda, nawe unataka 2.45, kwa sababu hiyo ndiyo bendi iliyotengwa kwa vifaa hivi na urefu wa wimbi lake ni sentimita 12 na kidogo. Vipo vya kufanya ili chumba kidogo kibaki kwenye masafa yale yale, kama kubana nafasi za milango, lakini hapo cheche na joto vinakungoja.

Na joto ndilo tatizo lenyewe. Piga hesabu: volti 4,000 kwa ampea 0.3 ni wati 1,200 zinazoingia. Zinazotoka kama mawimbi ni 800 na kidogo. Zilizobaki, karibu 400, zinakaa kwenye kidude unachokibeba viganjani. Ndiyo maana kimezungushiwa mabamba ya alumini na kuelekezewa feni. Kikipunguzwa, joto litoke wapi? Sumaku zile za feraiti zikipata moto nguvu yake hushuka. Ikishuka, mkondo unapanda. Mkondo ukipanda, joto linaongezeka tena. Magnetroni nyingi hufia hapo.

Historia yake inasema hivyo hivyo. Wanafizikia Randall na Boot walipowasha magnetroni yao ya vyumba huko Birmingham, Uingereza, Februari 1940, walipata wati kama 400 kwa wimbi la karibu sentimita 10. Maikrowevu ya kwanza ya biashara, ya kampuni ya Raytheon ya Marekani mwaka 1947, ilikuwa na kimo cha mtu, ilizidi kilo 300 na ilihitaji maji ya kuipooza. Ya kuweka mezani, ya kampuni ya Amana, ilifika madukani 1967. Wimbi halikufupishwa katika miaka hiyo yote. Kilichopungua zaidi ni vitu vilivyoizunguka: sumaku, upoozaji na umeme wa kuilisha.

Kwa hiyo twende kwenye umeme. Transfoma yako ni nzito kwa sababu inafanya kazi kwa hezi 50. Chuma kinabeba nguvu za sumaku za kila nusu mzunguko wa umeme, na mzunguko ukiwa wa polepole chuma lazima kiwe kikubwa. Ukiupeleka umeme kwenye hezi 30,000 hivi, kiini kinakuwa cha kushika kwa vidole. Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na maikrowevu za inveta. Usijaribu kuiunda wewe. Mnunulie mteja maikrowevu ya inveta iliyo nzima.

Lakini umkague betri zake kwanza. Maikrowevu ya wati 800 huvuta kama 1,300. Kwa dakika 5 hiyo ni saa-wati 108 tu, na betri ya volti 12, ampea-saa 100, ina 1,200 hivi. Akiba ipo. Kinachoua ni mkondo: 1,300 gawa kwa 12 ni zaidi ya ampea 108, kabla ya hasara. Nyaya zitachemka, volti zitaporomoka, inveta ya sola italia na kuzima. Mfumo wa volti 24 au 48 ndio unaofaa, na inveta iwe ya wimbi safi, yaani umeme wake upande na kushuka kwa ulaini kama wa gridi.

Transista? Zipo. Moja hutoa wati 250 mpaka 300 kwa masafa haya, ukiunganisha nne unafika, tena kwa volti 30 mpaka 50 badala ya 4,000. Nazipenda, maana masafa unayaamuru. Ila mtu akiiwasha bila chakula ndani, wimbi hurudi lilikotoka. Magnetroni huvumilia kidogo. Transista huungua mara moja, labda uwe umeiwekea kinga ya kulimeza hilo wimbi. Kwa bei ya sasa, ni mali ya maabara na viwanda, si ya jikoni kwa mteja wako.

Usiiwashe magnetroni nje ya sanduku lake hata kwa sekunde moja. Macho hayasikii maumivu mpaka yameshadhurika. Kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme, hubaki na chaji ya kuua hata plagi ikiwa imechomolewa, hivyo chaji hiyo itoe kwanza. Wala usivunje kauri ya magnetroni, baadhi zina oksidi ya berili na vumbi lake ni sumu ya mapafu.

Hiyo iliyokufa, chaji ikishatoka, chomoa nyaya zake upime uzi: isomeke chini ya omu moja, na kati ya uzi na bodi pasiwe na njia kabisa. Kisha zitazame sumaku kwa tochi. Ukikuta moja imepasuka, huenda ni joto lililozidi, kwa hiyo usikimbilie kununua magnetroni nyingine kabla hujaizungusha feni kwa kidole na kusafisha matundu ya hewa.