Jua la saa sita kasorobo

Desemba yangu ya kwanza Stockholm nilimaliza wiki nzima sijaliona jua, na kosa lilikuwa langu. Naingia kazini giza, natoka giza, Jumamosi nalala mpaka saa saba mchana. Nikifungua pazia, jua lishaanza kuaga. Tarehe 21 linachomoza saa mbili na dakika 44 asubuhi, linazama saa nane na dakika 48. Saa nane za mchana! Sisi tuliokulia Tanga, ambako hata saa tunaihesabu kwa jua, akili inagoma.

Kwa hiyo ukihamia huku, chakula cha mchana kula baadaye. Saa tano na nusu vaa koti, utoke. Jua hufika juu kabisa saa sita kasorobo hivi, ingawa "juu" ni namna ya kusema tu: linaning'inia kidogo juu ya misonobari, na kivuli changu kinanizidi urefu karibu mara nane. Nyumbani saa hizo kivuli unakikanyaga. Nusu saa hiyo ndiyo iliyoniondolea ule uzito wa kichwani, si vidonge, si kahawa. Ila nunua vile vyuma vyenye meno vya kuvalisha kiatu, usiteleze kwenye barafu. Mimi niliona gharama, nikaanguka chali kituo cha basi mbele za watu.

Na sikukuu ya Lucia, tarehe 13 Desemba, usikatae mwaliko hata wakikuambia ni saa moja asubuhi. Taa zinazimwa. Unasikia watoto wakiimba kwa mbali kabla hujaona kitu, halafu anatokea binti wa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, taji la mishumaa kichwani (mingi siku hizi ya betri, wazazi wanahofia nywele). Jina ni la mtakatifu wa Sicilia, lakini giza ni la kwao wenyewe: kwa kalenda ya zamani, usiku huo ndio uliohesabiwa mrefu kuliko yote. Nikapewa mkate mdogo wa manjano uliokunjwa kama herufi S, zabibu kila ncha. Nikanusa. Zafarani! Ile ile ya biriani ya harusi. Nilikula mitatu, mwenyeji akanifungia miwili ya njiani.

Usipime majira kwa asubuhi, utakata tamaa, maana asubuhi huendelea kuchelewa mpaka karibu na mwaka mpya. Tazama jioni: tangu katikati ya Desemba jua linaanza kuchelewa kuzama, dakika moja moja.

Bibi jirani yangu hutundika mganda wa oti barazani kwa ajili ya ndege, desturi ya Krismasi ya huku. Mwaka huu nami nimetundika wangu. Shomoro walifika kabla sijafunga mlango.