Kabla hujamlipia mteja jina la kikoa: maneno kwa vijana wanaoanza kujenga tovuti

Kwa mara nyingine nimeona kwenye orodha ya kazi zetu jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, lenye vistari viwili, tarakimu 4 iliyokaa mahali pa neno la Kiingereza na herufi z badala ya s mwishoni, likisubiri kulipiwa kwa ajili ya fundi makenika wa Tandika ambaye wateja wake wote humpata kwa simu. Ninawapenda, wadogo zangu, na ninakiri kwamba mnaandika CSS, ile lugha ya kupamba kurasa, safi kuliko niliyoandika mimi nikiwa na umri wenu, lakini katika kuchagua majina mnarudia yale yale tuliyoyafanya sisi, tena kwa kujiamini zaidi.

1. Jina lipite kwenye simu kabla halijafika kwenye kadi ya biashara. Mpigie mtu asiyeujua mradi, mtamkie jina mara moja tu bila kumtajia herufi, kisha mwombe aliandike na akutumie. Asipolipatia, halifai, hata kama mteja amelipenda na nembo imekwisha kuchorwa. Biashara za kwetu hutangazwa kwa mdomo: redioni, kwenye spika za gari la matangazo, katika ujumbe wa sauti wa WhatsApp, na abiria akimwelekeza mwenzake ndani ya daladala. Kiswahili kina bahati ya kuandikwa kinavyotamkwa, ila si sote tunaotamka kama kamusi. Kuna watu ambao th kwao ni s, kwa hiyo kampuni ya kuthamini viwanja yenye neno thamani katika jina lake itatafutwa kama duka la samani. Kuna ambao l na r hupokezana zamu, kwa hiyo mahali hugeuka mahari, na aliyekuwa akitafuta nyumba ya kupanga akajikuta kwenye habari za posa. Dh, gh na kh nazo ziogopeni vivyo hivyo.

2. Tazameni mahali maneno yanapogusana, maana kikoa hakina nafasi kati ya neno na neno. Mali zetu ikiunganishwa, jicho la msomaji husoma malize kwanza. Hatari kubwa zaidi ni irabu mbili zinazofanana zinapokutana, na hili nimelijua kwa gharama ya mtu mwingine.

Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilipewa tovuti ya mama mmoja aliyekuwa akileta asali kutoka Tabora na kuiuza Dar es Salaam. Yeye alitaka jina fupi, lile ambalo wateja wa sokoni walikuwa wamelizoea. Mimi nikamweleza, kwa sauti ya mtu aliyesoma makala mbili tatu za SEO, yaani mbinu za kuifanya tovuti ionekane juu kwenye utafutaji, kwamba Google hupenda jina linalotaja bidhaa, nikamsajilia dukalaasali. Google walikuwa wamekwisha kupunguza, mwaka 2012, nafasi ya tovuti hafifu zilizokuwa zikibebwa na maneno ya utafutaji yaliyomo kwenye majina yao, lakini habari hiyo sikuwa nayo na sikuitafuta. Lebo za chupa zikachapishwa, bango likasimamishwa, tangazo la redio likalipiwa. Mtangazaji alilisoma jina vizuri kabisa, nami niliyekuwa nikisikiliza nikafurahi bila kugundua kwamba zile a mbili za katikati zilisikika kama moja. Waliosikia wakaandika dukalasali. Wengine walitania kwamba walidhani ni duka la vifaa vya ibada, na nikacheka pamoja nao.

Ambacho hatukukiona ni barua pepe. Wakati huo kikoa chenye a moja hakikuwa kimesajiliwa na mtu yeyote, kwa hiyo kila ujumbe uliotumwa huko ulirudi kwa mtumaji, na kwetu hakukuwa na dalili yoyote. Mama akawa ananiuliza kwa nini simu zinapigwa lakini oda za mahoteli haziji, nami nikawa nachunguza seva, nabadilisha rekodi za MX, zile zinazoelekeza barua pepe kwenye seva yake, ambazo hazikuwa na kosa, na kumwambia avute subira. Ukweli ulijulikana kwenye maonyesho ya Sabasaba, alipokutana na ofisa manunuzi wa hoteli moja aliyemweleza kwamba alimwandikia kuomba bei, barua ikarudi, akaandika tena ikarudi tena, akaamua kununua asali ya msimu mzima kwa mtu mwingine. Mama hakunigombeza. Aliniita kwenye banda lake, akanipa kiti, akaniuliza, “Mwanangu, hili jina wewe mwenyewe uliwahi kulitamka?” Nilikuwa nimeliandika, nimelinakili, nimelibandika na kulipaka rangi ya dhahabu, lakini kinywani mwangu halikuwahi kupita hata mara moja.

Tulipokimbilia kusajili lile la a moja, tukakuta mtu amekwisha kulichukua na kuliwekea bei ambayo ingenunua mizinga mingi. Tulisajili jina fupi alilolitaka tangu mwanzo, lile refu tukalielekeza huko, na lebo mpya nililipia mimi kwa awamu. Jina refu bado linahuishwa kila mwaka kwa sababu chupa za zamani zingali makabatini mwa watu, na ankara yake huja kwangu, jambo ambalo naliona ni haki.

3. Kanuni zinaruhusu herufi 63 kati ya nukta na nukta, na huo ni ukomo wa mfumo, si lengo la kufikiwa. Facebook walianza wakiwa na “the” mbele ya jina, na mwaka 2005 walilipa dola 200,000 ili wapate kikoa kisicho nayo. Fundi wa Tandika hana fedha hizo.

4. Kistari hakitamkiki, na tarakimu humlazimisha msikilizaji kuuliza kama ni namba au neno.

5. Mteja wa biashara mchukulieni .co.tz na .com pamoja ikiwezekana, kwa sababu vidole vya watu vimezoea kumalizia na .com hata macho yakisoma kingine. Nyumba za wageni zina .hotel.tz, ambayo wengi wenu hamuikumbuki, na asasi zisizo za faida zina .or.tz.

6. Simba, Twiga, Serengeti na Kilimanjaro zimechoka. Kampuni ya utalii ya Arusha ikiongeza neno safari mbele ya mojawapo itapotea katikati ya majirani wanaofanana nayo, na wageni watawalipa majirani.

7. Angalieni jina kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kabla ya kulipenda, mkikumbuka kwamba alama ya biashara iliyosajiliwa Bara haiilindi biashara Zanzibar, na kwamba kampuni kubwa yenye alama yake inaweza kuwanyang’anya hata .com kwa UDRP, utaratibu wa kutatua migogoro ya vikoa uliopo tangu 1999. Kikoa kilichowahi kumilikiwa na mtu kitazameni kwanza kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, msije mkarithi kasino.

8. Kikoa kisajilini kwa jina la mteja, si lenu. Ninajua ni rahisi kutumia akaunti ya ofisi, na ninajua pia wabunifu walioutumia urahisi huo kumshikilia mteja asiondoke, tabia ambayo hapa kwetu siivumilii. Kuhuisha nako kusiachiwe kumbukumbu ya mtu mmoja: Desemba 1999 Microsoft walisahau kulipia passport.com, kikoa kilichotumika kuingilia barua pepe yao ya Hotmail, watumiaji wa Hotmail wakakwama kuingia, mpaka mtaalamu mmoja wa Linux akalipa dola 35 kwa kadi yake mwenyewe. Kwa .com, baada ya muda kuisha msajili anaweza kukungoja kwa siku zisizozidi 45, kisha huja siku 30 za kukikomboa kwa faini, kisha siku 5 za kufutwa. Wekeni anwani mbili za mawasiliano, ya mteja na ya ofisi, na zote ziwe nje ya kikoa hicho chenyewe, kwa kuwa kikizimwa, hata onyo la kukizima halitawafikia.