Tuuze kiwanja ili mtoto aendeshe karti?

SWALI: Salaam kakangu. Mwanangu wa miaka 11 amepagawa na karti, vile vigari vidogo vya mbio, tukienda Mombasa lazima tupitie karti za kukodi na wenye uwanja wanasema ana mkono. Sasa Mtaliano jirani yetu anasema siku hizi bila timu, hema la timu uwanjani, fundi wa kulipwa na kochi wa kusoma data zinazorekodiwa na karti mtoto hafiki popote, hata mbio ndogo za klabu. Mume wangu anataka tuuze kiwanja cha Muyeye tumpeleke Italia. Nimwache auze?
Mama wa dereva, Malindi

JIBU: Dadangu, msiuze. Jirani hadanganyi, Italia ndio kwao karti, karti za Tony Kart na CRG na injini za IAME zote zatoka huko. Lakini mchezo wenyewe ulianza kwa bei rahisi sana, 1956 kule California Art Ingels alichukua injini ya mashine ya kukata nyasi akaifunga kwenye fremu ya mabomba, basi. Miaka mingi ikawa ni baba, mtoto na pikapu. Halafu timu za Formula 1 zikaanza kuchukua madereva wakiwa watoto, Lewis Hamilton alianza karti na miaka 8, babake akifanya kazi zaidi ya moja kumlipia, na 1998 akiwa na miaka 13 tu timu ya McLaren wakamsaini. Wazazi wakaona karti ni ngazi ya kupandia, na wauza huduma wakaja mbio.

Kinachoniuma ni hiki: mtoto anashuka kwenye karti, fundi anasoma data, anabadilisha presha ya tairi, mtoto yuko kwenye simu. Hajajifunza kitu! Karti haina springi wala difu ya kuyaacha matairi mawili ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti, ekseli ya nyuma ni chuma kimoja kinachoyazungusha pamoja, kwa hiyo kwenye kona lazima tairi ya nyuma ya ndani inyanyuke kidogo la sivyo karti inagoma kugeuka, na hiyo huisikia kwa makalio na mikono. Kila akishuka muulize karti ilifanya nini kona ile, aandike kwenye daftari. Akiweza kukueleza bila kubabaika, hapo kochi wa data atakuwa na maana, kabla ya hapo mnalipia hema.

Na mafundi wa tustroki, injini za kuchanganyiwa oili kwenye petroli, mnao hapo hapo, wale wa injini za boti ufuoni, kupima mchanganyiko, kusoma rangi ya plagi, kusafisha kabureta, karti nyingi za mashindano ni mambo hayo hayo. Mpeleke akakae nao Jumamosi.

Akiwa tayari kushindana tafuteni daraja la injini zilizopigwa sili kama Rotax Max, ambazo hufunguliwa na karakana zilizoidhinishwa tu, ili mwenye pesa asijitengenezee injini yake ya siri. Na kabla ya kulipa kiingilio ulizeni seti ngapi za matairi zinaruhusiwa kwa mbio moja, maana kama hakuna kikomo, wenye hela wataweka mpya kila wakiingia uwanjani na nyinyi mtafuata mpaka mfuko utoboke.