Moto huu unachoma nini? Kwa wanaoanza kusoma visasili na sanaa

Insha yangu ya kwanza juu ya moto ilirudi ikiwa na swali moja tu la mwalimu pembeni: "Moto huu unachoma nini?" Nilikuwa nimejaza kurasa nikieleza kwamba moto ni hasira, moto ni mapenzi, moto ni utakaso, moto ni maangamizi. Hakuna nililokosea, na hakuna nililomwonyesha msomaji. Miaka imepita, nami nawapa wanaoanza swali lile lile, kwa sababu sijapata lililo bora kuliko hilo.

Moto unakubali kila maana utakayoubebesha. Kwa hiyo ukikutana nao katika hadithi au picha, shika kwanza yanayoshikika: nani kauwasha, umewekwa ndani ya nini, unakula nini, unabakiza nini. Maana itakuja yenyewe baadaye.

Chukua Prometheus wa visasili vya Kigiriki. Wengi husoma kwamba aliwaibia miungu moto akawapa wanadamu, kisha wanaandika "moto ni maarifa" na kufunga daftari. Rudi kwa Hesiod, mshairi wa Kigiriki wa kale, usome polepole. Anasema moto ulifichwa ndani ya bua lenye uwazi, bua la mmea wa jamii ya shamari. Ndani ya bua hilo mna moyo mkavu, mwepesi. Cheche ikiingia, moyo unafuka taratibu huku ganda la nje likibaki zima. Mtu anaweza kutembea nalo mkononi na asionekane kuwa amebeba moto. Ukilijua hilo, kisa kizima kinageuka. Moto huu ni siri inayofuka, na Zeus, mkuu wa miungu, amechezewa shere machoni pake mwenyewe. Ndiyo maana hasira yake ni kubwa kiasi kile, hadi tai akatumwa kula ini la aliyemdanganya.

Kuhusu elementi nne, yaani asili ambazo Wagiriki wa kale walisema vitu vyote vimeundwa nazo, jifunze chanzo chake mapema usije ukatangatanga. Mwanafalsafa Empedocles wa Sicily, katika karne ya 5 KK, aliziita mizizi: moto, hewa, maji na ardhi. Plato akaupa moto umbo la piramidi yenye nyuso nne za pembetatu, kwa kuwa ncha kali ndizo zinazokata na kupenya. Aristotle akasema moto ni joto na ukavu. Sasa usiubebe mpango huo ukauvika kila utamaduni. China wana tano: mti, moto, ardhi, chuma na maji, na hizo huzaana na kushindana. Mti hulisha moto, moto huacha jivu linalokuwa ardhi, maji huuzima. Huko moto ni hatua katika mzunguko, unaokwenda pamoja na kusini na kiangazi. Nimesoma kazi nyingi zinazouita moto huo "elementi bora kati ya tano" au zinazoitafuta hewa pasipo na hewa, na kila mara nasikitika kwa jasho lililopotea.

Jambo jingine dogo lakini zito: usiwaite Wazoroastria, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, waabudu moto. Wanasali mbele ya moto, nao kwao ni ishara ya usafi na nuru ya Ahura Mazda, mungu wao. Tofauti hiyo wao wanaihisi, nawe uihisi unapoandika.

Kwenye picha, anza na Arcimboldo, mchoraji wa Kiitaliano. Mwaka 1566 alichora "Moto", kichwa cha mtu kinachotazamwa kwa upande, ambacho leo kiko kwenye makumbusho ya Kunsthistorisches, Vienna. Sogea karibu. Nywele ni kuni zinazowaka. Paji la uso ni utambi uliozungushwa. Usoni mna chuma cha kugongea gumegume, shingoni taa na mshumaa. Shuka kifuani: mitutu ya bunduki na mizinga, na juu yake mkufu wa daraja la Ngozi ya Dhahabu, nishani ya ukoo wa Habsburg. Mwili mmoja umebeba moto wa kusomea usiku na moto wa kubomolea ngome. Kaizari Maximilian II, aliyechorewa picha hiyo, mwaka huo huo alikuwa vitani na Waosmania, yaani dola ya Waturuki. Mizinga ile haikuwekwa kwa ajili ya pambo.

Na kila mara hakiki chanzo. Feniksi, ndege wa visasili, sote tunamjua kwa kuungua na kuinuka kutoka kwenye majivu, nami niliwahi kuandika kwamba ndivyo Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, anavyosimulia. Sivyo. Kwake ndege huyo anamfunga baba yake ndani ya donge la manemane na kumbeba hadi hekalu la Jua huko Misri. Mwali hakuna hata mmoja. Moto uliingia kwenye kisa kupitia waandishi waliokuja baadaye.

Ukimaliza haya, tafuta picha ya Maria Magdalena iliyochorwa na Mfaransa Georges de La Tour, ile yenye utambi unaotoa moshi ndani ya glasi ya mafuta. Fuvu liko mapajani, kiganja kimoja kimelilalia, kingine kimeshika kidevu. Ziba mwali kwa kidole gumba. Utaona bado unajua ulipo, kwa jinsi nuru inavyoangukia shavu, bega na goti, kisha inakoma na giza linaanza. Ondoa kidole, utazame glasi. Pale ndipo lile swali la mwalimu la pembeni lilipojibiwa kwangu: mafuta yanaonekana, na mtu anaweza kukisia yamebaki ya muda gani.